"Bado kuweka rangi tu"? Thubutu!

Kuna maneno ambayo kila mchora nembo, awe Kariakoo, Mwanza au River Road, ameyasikia mpaka yamemkinaisha: "Mchoro ninao tayari, wewe niwekee rangi tu, si ni kubofya mara moja?" Yakishatamkwa hufuata bei, nayo ni hela ya soda. Mteja hana nia mbaya. Anaamini kwamba mchoro wa mkono ukishapigwa picha, kompyuta yenyewe inaugeuza vekta, yaani mistari ya hesabu inayokuzwa bila kuharibika, na mbunifu kakaa pale kulinda kipanya. Imani hiyo ni ya uongo, na anayeumia nayo kwanza ni mteja mwenyewe.

Kitufe kipo, sikatai. Programu ya kuchora ya Adobe, Illustrator, ilitoka mwaka 1987, na mwaka 2005 ikapewa Live Trace, ya kugeuza picha kuwa vekta kwa kubofya. Inkscape, ambayo haiuzwi, inatumia Potrace, programu aliyoiandika Peter Selinger mwaka 2001. Ukiipa mchoro wa wino mweusi uliokolea, kwenye karatasi safi, uliopitishwa kwenye skana nzuri, inafanya kazi ya kupendeza. Mbunifu anayekataa kuitumia hapo anajitesa bure. Lakini kitufe hicho kina miaka zaidi ya 20 mezani. Kingekuwa kinamaliza kazi, watu wangekwisha acha zamani kuchora nembo upya kwa mkono.

Chukua jahazi lililochorwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, likapigwa picha kwa simu chini ya taa, likatumwa kwa WhatsApp, nayo ikalibana zaidi. Bofya sasa. Mistari ya daftari inaingia kwenye nembo. Kivuli cha mkono wa mpiga picha kinakuwa doa la kijivu katikati ya tanga. Demani, kamba ya tanga, inapotea, kwa sababu penseli ilipita hapo kwa wepesi. Na mstari wenyewe? Mstari wa penseli una kingo mbili, na mashine kwa kawaida yake inafuata kingo. Pale ulipochora mstari mmoja inakupa umbo refu, jembamba, lililojaa matuta pande zote mbili. Ukitaka kuunenepesha mstari kidogo ili uonekane kwenye kofia, huwezi kirahisi, maana mstari haupo.

Mchoraji anayejua kazi yake anaiweka picha chini, anaifunga isisogee, kisha anachora jahazi upya juu yake, nukta kwa nukta. Duara safi linamtosha nukta nne. Tanga lililojaa upepo, nukta chache tu, kila moja na mikono yake ya kupinda mstari. Hesabu za mistari hiyo zilitoka kwa Wafaransa wawili wa viwanda vya magari, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, waliotaka kuchora mabodi. Mashine haijui kwamba hili ni tanga. Inaona ukingo uliotetemeka, na kila mtetemo inaupa nukta yake. Kwenye simu huoni kasoro. Nenda nayo kwa fundi wa stika: kisu cha plota kinapita kwenye kila nukta, na ukingo unatoka na meno.

Hiyo "rangi tu" ndiyo inayonichekesha zaidi. Anayechapa fulana kwa skrini hutengeneza fremu moja kwa kila rangi. Rangi tatu, fremu tatu. Bluu inayofifia polepole kuwa nyeupe, iliyopendeza sana kwenye simu, itamtoa jasho fundi wa kudarizi, na kwenye muhuri wa ofisi haina nafasi kabisa, kwa kuwa muhuri kwa kawaida una wino wa rangi moja. Kisha mashine hupenda kuzipanga rangi zikigusana ukingo kwa ukingo. Fremu ikisogea kidogo tu, uzi mweupe unachungulia kati ya tanga na mstari wake. Mchoraji huliona hilo mapema, akaipitisha rangi ya chini kidogo ndani ya mstari mweusi. Hata weupe ni mtego: kitufe kimeihesabu karatasi kuwa rangi, na siku unapochapa kwenye fulana ya kijani, jahazi linatokea ndani ya boksi jeupe. Hapo lawama zote anabebeshwa mchapaji.

Mwaka 1961 Peter Scott alichukua michoro ya awali ya Gerald Watterson akaifanya panda wa nembo ya WWF, shirika la uhifadhi. Sababu mojawapo ya kumchagua mnyama mweusi na mweupe ilikuwa kubana gharama za uchapaji: rangi ilifikiriwa tangu mwanzo, si mwishoni. Panda huyo amechorwa upya zaidi ya mara moja, na wa leo hana mstari wa utosini wala wa mgongoni; jicho lako ndilo linalomkamilisha. Kitufe hufuata kilichopo. Hakiwezi kuamua kwamba mgongo wa panda uachwe.

Kuna watakaonitajia Carolyn Davidson, mwanafunzi aliyelipwa dola 35 kwa alama ya Nike mwaka 1971, kuthibitisha kwamba nembo ni kazi ya bei rahisi. Hiyo wanaikumbuka vizuri sana! Mwaka 1983 kampuni hiyo ilimpa pete na hisa zake. Hapo kumbukumbu huwatoka. Wengine siku hizi wanasema AI itachora. Ichore. Kwa kawaida itakupa picha ya pikseli, si vekta, na utarudi pale pale kwenye jahazi la daftarini.

Basi, ndugu mteja, kabla hujamaliza kulipa, omba vitu viwili: faili ya vekta, na nembo yako kwa rangi nyeusi peke yake, ikiwa ndogo kama ya muhuri. Ikishindwa kusomeka hapo, rangi haitaiokoa. Kisha mwambie mbunifu aifungue faili mbele yako akuonyeshe nukta. Ukiona tanga limejaa nukta kama mwenye ndui, umeuziwa kitufe, na una haki ya kudai hela yako. Ukiziona chache, kila moja mahali pake, mmalizie malipo yake na usimwombe punguzo.