Udi Ufukizwe, Dirisha Liwe Wazi

Hapana shaka kwamba watu wa mwambao, tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja, Pemba na Kilwa, wamerithi elimu kubwa ya manukato, na kwamba elimu hiyo, ambayo aghalabu imekaa mikononi mwa wanawake, ni katika mambo yetu ya fahari. Udi uliopikwa kwa sukari na marashi ya mawaridi; ubani uliotoka Dhofari na pwani ya Wasomali; liwa iliyosagwa juu ya jiwe; kikuba cha asumini, mrehani na mkadi; mrashi unaopitishwa maulidini ili kila aliyehudhuria apate tone lake: vyote hivi vilikuwako kwetu zamani kabla Mfaransa René-Maurice Gattefossé hajatoa kitabu chake cha mwaka 1937 kilichowapa watu wa Ulaya jina la tiba ya manukato. Kwa hiyo, tuonapo leo katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi vichupa vya mafuta ya lavenda vikiuzwa kwa ahadi ya kuondoa msongo wa mawazo, hatuna haja ya kustaajabu kana kwamba tumeletewa jambo geni. Lakini pia hatuna haki ya kujisifu, maana kuijua dawa ni jambo moja na kuijua kadiri yake ni jambo jingine, na katika hili la pili naona tumezembea.

Kwanza faraja yenyewe, maana wako wasomi wanaoibeza. Harufu haimfikii mtu kwa njia ya mbali: mishipa ya fahamu iliyo puani hufikisha habari zake, karibu bila ya kituo cha kati, katika zile sehemu za ubongo zinazotawala hisia na kumbukumbu, na ndiyo sababu mtu aliyekwisha kaa ugenini miaka mingi, akinusa udi kutoka nyumba ya jirani, hujikuta ametulia kabla hajajua kilichomtuliza. Ama ubani, mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba katika utomvu wake mna kitu kiitwacho insensole asetati ambacho, kilipotiwa katika miili ya panya, kiliwapunguzia dalili za hofu na unyonge. Na mafuta ya lavenda, yaliyotiwa katika vidonge kwa kipimo maalumu huko Ujerumani, yameonekana kuwapa nafuu watu wenye wasiwasi. Insafu, hata hivyo, inatutaka tuseme yote: panya hao hawakuvuta moshi, na vidonge vile si vichupa vya mtaani. Tulicho nacho ni ithibati ya kutosha kusema kwamba harufu njema humtuliza mtu aliyefadhaika na kumpunguzia ukali wa saa ngumu. Hatuna ithibati ya kusema kwamba huponya sonona, yaani ile huzuni iliyogeuka maradhi, na mwenye kuuza udi kwa madai hayo anawadhulumu wanunuzi wake.

Mahali ninapopenda msomaji atulie nami kwa kitambo ni chumba cha mzazi, kwa sababu humo faraja ya moshi na hatari yake hukutana chini ya dari moja. Ada yetu inamtaka mwanamke aliyejifungua apumzike siku arubaini, akandwe kwa maji ya moto, alishwe vyakula vya kumrudishia nguvu, asibebeshwe kazi. Na ada hii ni njema, tena inashinda mtindo huu mpya wa mijini wa kumwacha mzazi arudi jikoni kabla hajapata nguvu zake. Lakini pamoja na mapumziko hayo huja mlango uliofungwa kuzuia baridi, dirisha lililozibwa kuzuia jicho la husuda, jiko la makaa kando ya kitanda, na chetezo kinachofukizwa asubuhi na magharibi ili chumba kinukie na nguo za mtoto zipate riha. Kila kimoja kimeletwa kwa mapenzi. Na juu ya mapenzi hayo yote, makaa yanayowaka katika chumba kisicho na pito la hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, ambayo hukaa katika damu mahali palipostahili kukaa hewa safi. Sumu hiyo humwanzia mtu kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, dalili ambazo kwa mwanamke aliyetoka kujifungua huhesabiwa kuwa ni uchovu tu, na kwa mtoto mchanga, ambaye huvuta pumzi upesi zaidi kuliko mtu mzima, huenda zisitambulikane kabisa mpaka wakati umekwisha kupita. Anayetegemea pua yake imwonye hataonywa, na udi uwe mzuri kiasi gani hauibadili sumu hiyo hata chembe.

Humo humo chumbani mna jambo jingine ambalo wachache hulifikiria, nalo ni vile vidonge vyeupe vya naftalini viwekwavyo sandukuni kuwafukuza mende na nondo, vikazifanya nguo za mtoto zinuke kwa namna ambayo baadhi ya watu huiona ni dalili ya usafi. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kitu katika damu kiitwacho G6PD, upungufu unaopatikana sana katika nchi zilizokaliwa na malaria kwa muda mrefu kama zetu, na mtoto wa namna hiyo akivikwa nguo au kufunikwa blanketi lililolazwa na naftalini, chembe zake za damu huweza kuvunjika, akageuka manjano, na asipowahiwa akapata madhara ya ubongo. Nguo za mtoto mchanga na zifuliwe, zianikwe juani, basi.

Sasa nimtazame mama mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika ulimwengu kwa jumla wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya nafsi, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea hesabu hiyo hukaribia 20 katika kila 100. Maana yake ni kwamba katika kila nyumba tano zenye mzazi, imo moja ambayo mama amelala akitazama ukuta, halii kwa kuwa machozi yamekwisha, hampendi mtoto wake kama alivyotazamia kumpenda, na anaona haya kusema. Machozi ya siku chache za mwanzo ni jambo la kawaida na aghalabu hupita yenyewe. Bali huzuni iliyotimiza wiki mbili, ikafuatana na kukosa usingizi hata mtoto alalapo, na kukosa hamu ya chakula na ya mazungumzo, hiyo yataka tabibu. Nini hutendeka kwetu? Jamaa husema amepatwa na upepo, au ana shetani wa ukoo, na dawa inayoongezwa ni ubani. Moshi unazidi, mlango unazidi kufungwa, na mgonjwa anazidi kuwa peke yake ndani ya wingu la riha njema. Siwalaumu wanaofanya hivyo kwa kutojua. Ninachosema ni kwamba kila siku inayopotea katika mafusho hayo ni siku ambayo mwanamke huyo angaliweza kuwa amekwisha sikilizwa na mtu mwenye ujuzi, maana sonona ya mzazi ina tiba, ya mazungumzo na ya dawa, na wengi wanaotibiwa hupona wakalea watoto wao kwa furaha.

Na jadi yenyewe, tukiitazama vizuri, haikutufundisha kwamba harufu huondoa simanzi. Mwanamke Mwislamu aliyefiwa na mume hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika muda huo wote manukato na mapambo ni haramu kwake. Hapakosi jirani wa kumpikia, wala jamaa wa kumtazama na kumkalisha kwa maneno ya kheri. Yaani katika huzuni iliyo kubwa kuliko zote, wazee wetu waliondoa marashi wakabakiza watu. Nadhani humo mna hekima ambayo wafanya biashara wa vichupa hawajaifikia.

Ama moshi wenyewe, hata pasipo jiko la makaa, una habari yake. Watafiti wa Oman, nchi ambayo kwa kupenda bukhuri ni ndugu yetu wa damu, waliwachunguza watoto wa shule na kueleza mwaka 2009 kwamba ufukizaji wa nyumbani haukuonekana kuwa ndio unaozalisha pumu, ila kwa wale ambao tayari wana pumu ulikuwa ni katika sababu za kawaida za kubanwa na kifua. Uchunguzi mwingine, uliowafuata Wachina 61,320 wa Singapore na kutangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba waliofukiza uvumba kwa miaka mingi walizidi kupatwa na aina fulani ya saratani katika njia za pumzi. Uvumba wao ni wa vijiti, wala si udi wetu hasa, lakini mapafu hayaulizi moshi umetoka nchi gani.

Mafuta nayo yana hadhari zake. Mafuta ya makonyo yanayotolewa katika kiwanda cha Wawi, Pemba, ni bidhaa ya heshima, ila yameshiba kitu kiitwacho eujenoli, na mtoto akiyanywa, hata kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai, ini lake huweza kuharibika. Mafuta ya kafuri kwa kiasi kidogo kama hicho huweza kumtia degedege na hata kumwua. Basi vichupa hivi vifungiwe kama zifungiwavyo dawa kali, visinywewe, wala visipakwe puani mwa mtoto mchanga kwa kumfungua mafua, hasa vya kafuri, mkalitusi na mnanaa. Mtu mzima anayetaka kujikanda achanganye tone 1 au 2 katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi au ya ufuta, na akijipaka mafuta yaliyokamuliwa katika ganda la ndimu asitoke juani siku hiyo, yasije yakamwunguza ngozi. Na anayemeza vidonge vya daktari kwa ajili ya sonona asiviache kwa sababu amepata mafuta yanayomlaza vizuri.

Baada ya hayo yote, je, tuvitupe vyetezo? Hasha. Mimi naona nyumba isiyonukia imepungukiwa na jambo. Chumba kifukizwe kwa muda mfupi, dirisha na mlango vikiwa wazi, mwenye pumu, mja mzito na mtoto wakiwa nje, na waingie moshi ukishatoka ikabaki riha yake. Nguo zifukizwe uani au barazani. Chetezo kiwekwe mahali imara, mbali na pazia na chandarua, na kisilazwe chumbani usiku wakati watu wamelala, wala kaa lake lisitupwe jaani kabla halijazimwa kwa maji. Na kwa mzazi hasa, ningelipenda turudie kikuba. Asumini, mrehani na mkadi havina moto wala majivu, huvunwa karibu na nyumba, na mwanamke anayekaa na wifi na mashoga zake akiunga kikuba huku mtoto yuko mapajani mwa bibi yake amepata kwa wakati mmoja harufu, kazi nyepesi ya mikono na watu wa kuzungumza nao; katika vitu hivyo vitatu, nakitukuza zaidi cha tatu.

Nawaomba wakunga na wauguzi wa kliniki za wazazi, wanapompima mtoto uzito, wamwulize mama maswali mawili: chumba chako kina makaa na moshi kiasi gani, na wewe mwenyewe moyo wako u hali gani. Nawaomba pia mama wakwe, mashangazi na masomo, ambao neno lao chumbani humo lina nguvu kuliko la daktari, wawe wa mwanzo kufungua dirisha. Na iwapo mzazi, au mtu yeyote, atatamka kwamba heri afe, au kwamba anaogopa atamdhuru mwanawe, asifukizwe wala asisubirishwe hadi kesho. Apelekwe siku hiyo hiyo, Kidongo Chekundu kwa walioko Unguja, Mirembe kwa walioko Dodoma, Mathari kwa walioko Nairobi, au hospitali yoyote iliyo karibu, na asiachwe peke yake njiani wala nyumbani mpaka amekabidhiwa kwa tabibu.