Lafudhi ya Masii Haivunji Mizani

Kijana wa Masii, Ukambani, akitunga shairi na kulichorea katuni ya dakika mbili, ushauri wa kwanza atakaopewa ni huu: nenda Mombasa ukatafute sauti, au angalau Nairobi kwa watangazaji. Jirani yake asipewe maikrofoni, kwa sababu Mkamba, eti, ataliharibu shairi. Naupinga ushauri huo kwa nguvu zangu zote. Umewanyamazisha wengi wenye sauti njema, na wanaoutoa hawajui ushairi wala katuni.

Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16: nane katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane katika utao, kipande cha pili. Kikamba hakina r, basi wapo wanaotamka l mahali pake. Hesabu mizani za aliyesema "bahali" kwa "bahari": hakuna iliyopungua. Vina navyo, vikitamkwa vivyo hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, bado vinaitikiana. Sasa msikilize yule wa mjini mwenye sauti nzito, aliyezoea kusoma matangazo ya biashara mbiombio. "Aliniambia" yenye silabi sita inamtoka "alnambia", na ukwapi unagongana na utao. Huyo ndiye aliyevunja shairi, na hakuna anayemcheka.

Ndiyo, kuna mahali l hugeuza maana, kura ikawa kula. Hapo mtunzi akae na msimulizi wake, warudie mshororo mpaka utoke. Mazoezi yapo kwa kazi hiyo.

Wengi wetu tulilelewa na sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela katika kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", naye aliistahili heshima aliyopewa. Lakini alizungumza kama yeye mwenyewe. Waliomwiga ndio waliogeuza sauti yake kuwa sheria. Mwanamuziki Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliimba kwa Kiswahili pia, kwa ulimi wa Ukambani, na watu wasiojua neno la Kikamba walimpenda na kumcheza. Mbona shairi tulikazie masharti ambayo muziki haukuwekewa?

Tena katika katuni sauti kwa kawaida hurekodiwa kwanza, na mchoraji huifuata. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, kwa hiyo msimulizi akinyamaza kwa sekunde moja, ameamua picha 24 ziwe za kimya. Kazi hiyo inataka mtu anayejua pa kuvuta pumzi. Mimi ningemtafuta miongoni mwa akina mama wa mwethya, wale wanaochimba matuta kwa pamoja wakiimba: yule anayeanzisha wimbo, akawaachia wenzake waitikie, kisha akaupokea bila kuchelewa wala kuwakata. Shairi likiwa la kungoja mvua ya Novemba, ile ambayo Ukambani huitegemea kuliko ya Machi, ni mtangazaji gani atakayelitamka kumshinda mama huyo?

Arekodiwe katika chumba chenye magodoro na nguo za kunyonya mwangwi, mbali na malori ya barabara ya Machakos kwenda Kitui. Alipwe sawasawa na ambavyo angelipwa mtu wa Nairobi, na jina lake liandikwe kwenye skrini pamoja na la mchoraji.