Mvua ya Ikungi Si Nusu kwa Nusu

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, kauli ileile hurudi Ikungi, mkoani Singida, Tanzania: ama mvua itanyesha au haitanyesha, basi ni nusu kwa nusu. Husemwa kwa utulivu kama neno la busara, na msemaji huona amemaliza mjadala. Kauli hiyo ni hesabu mbovu, na mkulima huilipia shambani. Hakuna jambo lisilogawanyika mafungu mawili. Kesho jua ama litachomoza au halitachomoza. Hapo pia tuweke nusu kwa nusu?

Hesabu ya uwezekano huanza kwa kuorodhesha yote yanayoweza kutokea, kisha kupima uzito wa kila moja. Kosa la kuorodhesha vibaya si la wasiosoma peke yao. Mwaka 1754 mwanahisabati Mfaransa d'Alembert alidai kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Alihesabu matokeo matatu kana kwamba yana uzito sawa, ilhali yako manne: kichwa-kichwa, kichwa-mwenge, mwenge-kichwa, mwenge-mwenge. Jibu ni 3/4.

Sasa tuchore matawi ya yanayoweza kutokea Ikungi, yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Mvua inaweza kuanza mapema au kuchelewa. Kiasi chake kinaweza kuwa juu ya wastani, wastani au chini ya wastani, mafungu ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huyatumia katika utabiri wa msimu. Tena alizeti ikiwa kwenye maua, ukame wa wiki kadhaa unaweza kuja au usije. Mbili mara tatu mara mbili ni matawi 12, na katika yote 12 mvua imenyesha! Anayeuliza tu kama itanyesha hajagusa swali linaloamua mavuno. Wala matawi hayo hayalingani uzito. Kumbukumbu za mvua za miaka mingi ndizo za kuyapimia.

Wapo wanaojibu kwamba mvua ni ya Mungu, kwa hiyo kuihesabu ni kiburi. Hoja hii ni dhaifu mno. Kuorodhesha yanayowezekana si kudai kujua litakalotokea. Ni kukiri kwamba hulijui. Fikra hiyohiyo ya nusu kwa nusu, ya kupata au kukosa, ndiyo inayowamaliza vijana kwenye kubeti: mkeka wa mechi 13, kila moja ikiwa na matokeo matatu, una njia 1,594,323, na ni moja tu iliyo sahihi yote.

Mwenye matawi 12 mbele yake huona mahali pa kuweka mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, na sehemu gani ya shamba aiachie alizeti. Mwenye nusu kwa nusu hutia mbegu ya alizeti shamba zima, na ukame ukija wakati wa maua, ghala halina hata uwele wa kula.