Diwani akiondoka, nani amteue mrithi?

Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, haikuwa na mwenyekiti wala makamishna wa kutosha kuandaa uchaguzi. Wadi zilizopoteza madiwani wao kwa kifo au kwa uamuzi wa mahakama zilikaa bila mwakilishi, huku mabunge ya kaunti yakiendelea kupitisha bajeti. Uchaguzi mdogo ulifanyika hatimaye mnamo Novemba 27, 2025.

Kwingineko, kiti cha aina hiyo hujazwa upesi bila kura. Nchini Ireland, diwani akiondoka, baraza lenyewe humteua mrithi, na mrithi huyo hutoka katika chama cha aliyeondoka. Madiwani kadhaa walipochaguliwa bungeni Novemba 2024, nafasi zao zilijazwa kwa njia hiyo, kwa kuwa sheria ya huko hairuhusu mtu kushikilia nyadhifa zote mbili.

Njia hiyo ni ya haraka na haina gharama kubwa. Ila, mwenye usemi hapo ni chama, si mpigakura. Kwa Mkenya, hilo si jambo geni. Chini ya kifungu cha 177 cha Katiba ya 2010, madiwani maalum hutokana na orodha za vyama, na mmoja wao akiondoka nafasi yake huchukuliwa na mwingine aliye katika orodha hiyo hiyo. Mizozo kuhusu majina yaliyochomekwa au kuondolewa imefika mahakamani baada ya kila uchaguzi mkuu tangu 2013. Kuvikabidhi vyama viti 1,450 vya wadi pia, hata kwa muda tu, ni kupanua uwanja wa mizozo hiyo.

Uingereza ina kizuizi kinachofaa kutazamwa. Katika mabaraza ya parokia, ambayo ndiyo ya ngazi ya chini kabisa, pengo hutangazwa kwanza. Wapigakura 10 wa eneo hilo wakiandika kudai uchaguzi katika muda wa siku 14 za kazi, sharti kura ipigwe. Wasipodai, ndipo baraza huruhusiwa kujiteulia mwanachama.

Mabaraza hayo, bila shaka, ni madogo mno yakilinganishwa na bunge la kaunti linaloidhinisha mabilioni ya pesa, na saini 10 katika wadi ya Kenya hukusanywa kabla ya adhuhuri. Hata hivyo, hapo uamuzi wa kuacha kura huwa wa wakazi wenyewe. Wakazi wa wadi zilizosahaulika 2023 hawakuulizwa na yeyote.