Karatasi Moja Haitoshi

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa juu ya mnunurisho wa alfa, hujibu upesi: "Huzuiwa na karatasi." Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyosalia ndiyo yenye kulinda afya.

Chembe ya alfa, iliyopewa jina hilo na Ernest Rutherford mwaka 1899, ni kiini cha heli: protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana. Kwa kuwa ni nzito na ina chaji chanya mbili, huzing'oa elektroni za atomi nyingi njiani mwake, ikaishiwa nguvu mapema. Hewani husafiri sentimita chache tu, na ngozi yatosha kuizuia. Lakini ikitolewa ndani ya pafu, nguvu hizo zote huishia katika seli chache. Kwa hiyo wataalamu wa kinga, kwa kiasi kilekile cha nishati, huihesabia alfa madhara mara 20 ya gamma.

Je, hayo yamhusu nini kijana wa Bariadi? Sehemu kubwa ya Usukuma imekaa juu ya miamba ya itale, nayo itale huwa na urani kidogo. Urani, katika kuchakaa kwake hatua kwa hatua, huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, itoayo alfa. Uwanjani hutawanywa na upepo. Katika chumba kisichopitisha hewa yaweza kurundikana. Shirika la Afya Duniani huitaja miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, ikiifuata tumbaku.

Sisemi watu wazihofu nyumba zao, kwani hofu bila kipimo si sayansi. Nasema kipimo kifanyike. Kipo kipande cha plastiki ambacho alfa hukiachia alama zinazoweza kuhesabiwa. Shule za Simiyu na ziiombe Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, iwasaidie wanafunzi kupima madarasa na mabweni yao.

Watakaodai kwamba muhtasari wa masomo umejaa wakumbuke kuwa swali moja la ziada halihitaji kipindi kipya. Mwanafunzi akishajibu "karatasi", mwalimu na amwulize: "Na ikiwa imekwisha kuingia mwilini?" Hapo ndipo somo la alfa linapoanza, na dirisha la bweni hupata sababu ya kufunguliwa.