Maji Maangavu, Samaki Wafu

Anayenunua samaki wa mapambo hupewa mfuko wa nailoni wenye samaki, na ushauri wa bure juu yake. Samaki wengi hawamalizi mwezi. Ushauri hubaki, ukapokezanwa kutoka kwa jirani hadi jirani kana kwamba haukuhusika na kifo chochote. Haya ndiyo madai ninayoyasikia zaidi.

“Maji yanang’aa, kwa hiyo ni masafi.” Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki huwezi hata kuinusa. Samaki huitoa usiku na mchana, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachooza kwenye changarawe huiongeza. Ziwani humezwa na wingi wa maji. Kwenye tangi la lita 40 haina pa kwenda. Macho hayaioni, huonekana kwa vipimo vya matone vinavyobadili rangi ya maji ndani ya kichupa. Kichekesho ni kwamba tangi jipya likipata ukungu mweupe baada ya siku chache, mwenyewe hushtuka na kutaka kuyamwaga maji, ilhali ukungu ule mara nyingi ni bakteria tu wanaozaliana, na hutoweka wenyewe. Yale maji maangavu yaliyomtuliza ndiyo yaliyostahili kupimwa.

“Chujio lipo, weka samaki leo leo.” Chujio lililotoka dukani ni sponji tupu. Kazi hufanywa na bakteria wanaohamia humo polepole, tena kwa zamu: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutulia. Kundi la pili huchelewa, na hapo ndipo wengi hunaswa. Wiki ya kwanza imepita salama, wageni wameshaonyeshwa tangi, kisha samaki wanaanza kutweta juu ya maji ingawa pampu inatoa mapovu vizuri. Oksijeni imo majini. Ni damu isiyoweza kuibeba, kwa sababu nitraiti imeiharibu hadi imegeuka rangi ya kahawia. Afadhali tangi liendeshwe kwanza bila samaki, likitupiwa chembe za chakula zioze, mpaka amonia na nitraiti zisome sifuri. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake chafu. Ni zawadi kubwa kuliko chupa yoyote ya dawa.

“Samaki akizubaa, mwaga maji yote na usugue kila kitu.” Ushauri huu huwaponza hasa watu wasafi. Mtu anachukua sponji iliyokaa mwezi mzima ikijaza bakteria, anaikamua chini ya bomba hadi inakuwa nyeupe, anasugua vioo, anaosha changarawe, anajaza maji mapya. Klorini ya bombani iliwekwa kuua vijidudu, na haibagui. Kufikia jioni ana tangi jipya kabisa, na lile zoezi la wiki sita linaanza upya, safari hii samaki wakiwa ndani. Siku chache baadaye wanazubaa tena, naye anasugua tena kwa bidii zaidi. Nimeona tangi likiendeshwa hivi hadi mwenyewe akaamini ana mkosi. Badilisha robo ya maji kwa wiki, na joto la maji mapya lilingane na la yale ya tangini. Sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, ikitoka na wekundu wake wa matope ni sawa.

“Maji anayokunywa binadamu hayawezi kumdhuru samaki.” Klorini tunayoimeza huishia tumboni. Ya samaki hupita kwenye matamvua, ambapo damu na maji vimetenganishwa na utando mwembamba mno. Yaache maji kwenye ndoo iliyo wazi siku moja au mbili, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Palipotumika kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi. Kuchemsha si jibu pia: maji yaliyochemshwa yamepoteza hewa, na lazima yapoe na kupigwa pampu kwanza.

“Samaki wa Tanganyika ni wa hapa hapa kwetu, hawana taabu.” Wale samaki wadogo wa miambani wanaotoka upande wa Kigoma wameumbiwa ziwa lisilobadilikabadilika, lenye pH inayokaribia 9. Amonia huwa kali zaidi kadiri pH inavyopanda. Kwa maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, haifiki asilimia 1 ya amonia yote iliyo katika hali ya sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye 9 ni zaidi ya theluthi. Kosa ambalo samaki wa mito ya Amazoni angelivumilia kwenye maji yake yenye asidi humuua huyu wa nyumbani.

“Samaki hukua kulingana na chombo.” Hapana. Samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri hupita sentimita 15, na anayebaki kidole kwenye bakuli amedumazwa na maji mabaya.

“Ni ugonjwa, tia dawa.” Magonjwa yapo, na yale madoa meupe yaliyotapakaa mwilini na mapezini yanahitaji dawa kweli. Lakini baadhi ya viuavijasumu huua na bakteria wa chujio, na dawa zenye shaba huua konokono. Pima kwanza. Ukikuta amonia au nitraiti, badilisha robo ya maji leo na kesho tena, na usiwalishe siku mbili. Samaki mzima mwenye afya hafi kwa njaa hiyo. Kwa nitraiti pekee kuna msaada ulioko jikoni: chumvi, gramu 1 kwa lita, iyeyushwe kwanza pembeni, kwa kuwa kloridi yake huizuia nitraiti kuingia kupitia matamvua. Kwa amonia chumvi hiyo haifanyi kitu.