Ua Mpya kwa Mpaka wa Haki



Mpenzi msomaji, baada ya masika ya mwaka huu ua wa nyuma ya nyumba yetu ulilala chini. Haukuanguka kwa kishindo. Siku ya kwanza uliinama, siku ya pili ukauegemea mpapai, na alfajiri ya siku ya tatu, nilipotoka kuchota maji ya kutawadha, nikakiona kisima cha jirani waziwazi, naye jirani akaniona mimi kichwa wazi. Tulicheka sote wawili. Kisha tukasikia magurudumu ya mkokoteni wa kijana muuza maji akiingia uani kwake, nasi tukakimbilia leso.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Ua ni kile kizuizi cha makuti au fito, na ua ni ile nafasi iliyomo ndani yake. Wazee waliona kwamba kimoja hakipo bila ya chenzake. Uani ndiko tunakopika, tunakofua na kuanika, tunakosukana nywele na kumpaka hina bi arusi. Kizuizi kikianguka, nafasi nayo huondoka, na mwenye nyumba huwa kama aliyeketi njiani. Kwa hivyo nimeona juma hili tuzungumzie ua uliozeeka: namna ya kuutambua, namna ya kuubadilisha, na jambo moja ambalo sisi nyumbani kwetu nusura lituponyoke.

Ua wetu aliusimamisha marehemu baba mkwe wangu alipohamia huku Kisauni, kwa nguzo na fito za mikoko na makuti ya kumba. Kwa vijana ambao huenda hawaijui tofauti, makuti ya viungo ni yale yashonwayo juu ya ufito kwa kuezekea paa, na makuti ya kumba ni yale ambayo majani ya ukuti husukwa yangali juu ya mti wake, kwa ajili ya nyua. Kumba hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila zinapobadilishwa ua huonekana mpya. Nguzo, kwa upande wake, huachwa, na hapo ndipo uzee unapojificha. Nguzo huoza pale ardhi inapokutana na hewa, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hupatikana pamoja, na mchwa hupapenda papo hapo. Ukitaka kujua hali ya ua wako usiyatazame makuti. Fukua kiasi cha kiganja kimoja chini ya nguzo, uichome kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama kwenye boflo, nguzo hiyo imekwisha, hata ikiwa juu yaonekana imara.

Sisi dalili tuliziona kwa muda wa miaka miwili. Tukaegesha mti hapa, tukafunga kamba pale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga, nasi tukafika siku ya kujenga ukuta kwelikweli. Mume wangu aliamua kwamba safari hii tutajenga kwa mawe ya matumbawe, tusirudi tena kwenye nguzo.

Fundi aliyekuja ni mtu mzima katika kazi yake. Hakuanza kwa kuchimba. Alisimama pembeni mwa uwanja akauliza, "Mpaka uko wapi?" Tukamwonyesha ua uliolala. Akatikisa kichwa. "Huo ni ua, wanangu. Mpaka ni bikoni." Bikoni ya mbele, upande wa njia, ilionekana upesi. Ya nyuma ilitafutwa siku mbili, hata ikapatikana chini ya lundo la makumbi ya nazi. Fundi akavuta uzi kutoka bikoni hadi bikoni. Upande wa mbele uzi uliufuata ua sawasawa. Kadiri ulivyokwenda nyuma ukaachana nao, na kufikia mwisho uzi ulikuwa umepita ndani ya uwanja wetu, dhiraa moja na shibri kutoka kwenye ua. Maana yake ni kwamba ua ulikuwa umesimama katika kiwanja cha jirani, nasi tumeketi humo miaka yote hiyo.

Hapana aliyeuhamisha kwa kukusudia. Nguzo inapooza, aghalabu fundi hakingoi kisiki. Huchimba shimo jipya kando yake. Kwetu upande wa ndani umejaa mizizi ya mlangilangi alioupanda mama mkwe wangu, basi kila shimo jipya likachimbwa upande wa nje, penye udongo mwepesi. Kiganja kimoja safari hii, kiganja kimoja safari ijayo, na ua ukatembea polepole bila ya mtu kuuona mwendo wake. Kipande chenyewe ni cha pembetatu. Urefu wake ni mita 20 na upana wake mwisho ni kama sentimita 70. Hiyo ni mita saba za mraba, nafasi ya chumba kidogo. Na katika kipande hicho ndimo ilimo asumini yangu.

Jioni ile nyumba ilikuwa na maneno mengi. Shemeji yangu alisema kwamba sheria ya Kenya humruhusu mtu aliyeikalia ardhi ya mwenziwe kwa miaka 12, waziwazi, mfululizo na bila ya idhini, kwenda mahakamani kuidai kuwa yake. Alisema kweli, sheria hiyo ipo. Nami nakiri, msomaji wangu, kwamba moyo wangu uliikimbilia asumini. Nilijisemea kuwa jirani hajalalamika, na anyamazaye ameridhia.

Mume wangu hakujibu. Alinyoosha mkono wake juu ya jamvi akapima. Dhiraa moja ni shibri mbili. Ukiongeza ile moja, ni tatu. Sote tulijua alilokuwa akilihesabu. Katika hadithi aliyoipokea Said bin Zayd, nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ametuonya kwamba mwenye kuchukua shibri moja ya ardhi kwa dhulma atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Onyo hilo ni la shibri moja. Zetu zilikuwa tatu, na tangu uzi ulipovutwa hatukuwa tena na udhuru wa kutojua.

Kulikuwa na jambo jingine. Kiwanja kile kilikuwa cha mwanawe jirani yetu, ambaye alifariki akaacha watoto wawili wadogo. Bibi yao ndiye anayewalea. Mali tuliyoikalia ilikuwa na haki ya mayatima ndani yake. Kila Ijumaa nasoma Suratul Kahf, na kila ninapofika kwenye kisa cha ule ukuta uliokuwa ukitaka kuanguka, ambao mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa aliusimamisha bila ya ujira kwa ajili ya mayatima wawili, fikira zangu huenda kwenye hazina iliyokuwa chini yake. Ijumaa ile nilifikiri juu ya ukuta wenyewe, na mahali unapopaswa kusimama.

Neno lilipaswa kupelekwa, nami ndiye niliyelipeleka. Nilibeba mahamri kidogo nikapiga hodi kwenye kilango cha baina ya nyua zetu, kilango ambacho kilikuwa kimesimama peke yake bila ya ua wa kukizunguka. Nilimkuta akipeta mchele. Nikamweleza habari yote, ya bikoni, ya uzi na ya shibri tatu. Hakuacha kupeta.

"Nalijua, mwanangu," akasema. "Baba yao alikuwa akipitisha baiskeli baina ya ua na kisima. Siku hizi baiskeli haipiti."

"Mbona hukutwambia, Ma'mkubwa?"

"Nilisema, nikose jirani kwa kijipande kama kile? Nikangoja mlione wenyewe. Lakini hawa watoto wakikua," akaonyesha kwa ungo upande wa wajukuu wake, "hawangengoja."

Maneno hayo nayarudia kwa kila anayenisikiliza. Jirani anaponyamaza, mara nyingi huwa anasubiri tu. Akiondoka yeye, walio nyuma yake hawarithi subira yake. Hurithi hati ya kiwanja. Ugomvi mwingi wa mipaka baina ya watoto ulianza kwa wazee waliostahiana. Na kuubadilisha ua ndiyo fursa ya kuumaliza, kwa kuwa siku hiyo ardhi iko wazi na gharama ya kusogea ni ndogo. Ukuta wa mawe ukishasimama, kosa la shibri huwa la kudumu.

Ombi lake lilikuwa moja tu: "Kilango msikizibe."

Basi tukajenga juu ya haki. Msingi wote tuliuweka upande wetu wa uzi na gharama tukaibeba sisi. Tuliandikiana karatasi, mashahidi wawili wakatia saini, ili watoto wake na wetu wajue kilichokubaliwa. Bikoni hatukuigusa, kuiondoa au kuiharibu alama ya mpaka bila ya idhini ya msajili wa ardhi ni kosa la jinai. Na kwa wale ambao hawakuelewana na jirani, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yataka jambo lianzie kwa msajili wa ardhi. Mahakama haisikilizi mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla ya mpaka wenyewe kuthibitishwa kwa njia hiyo. Mahakama ya Kadhi siyo mahali pake, kwani kazi yake ni mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Nao wenzetu wenye nyumba zisizo na ardhi, ambao ni wengi Mombasa, wazungumze kwanza na mwenye ardhi kabla ya kusimamisha ukuta wa kudumu. Idhini ya ofisi ya mipango ya kaunti nayo iulizwe mapema.

Kuhusu kazi yenyewe, nitataja machache tuliyojifunza. Sitara haingoji msingi: siku ile ile fundi alisimamisha miti michache kando ya uzi, tukafunga kumba, nasi tukapika kwa amani hadi ukuta ulipokwisha. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huila nondo ndani ya zege, basi usikubali mchanga huo hata ukiwa rahisi. Waya wa wavu na mabati navyo havidumu sana penye upepo wa bahari. Ukuta mzima huzuia upepo. Tuliacha matundu juu ya kimo cha mtu, ili kusi na kaskazi zipite na macho yasipite. Ukuta huzuia maji pia, yale ambayo zamani yalipenya chini ya makuti. Acha njia yake chini, ukijua yatatokea wapi, yasije yakaingia jikoni kwa mwenzio.

Asiyeweza mawe asione haya. Ua wa kumba uliosukwa vizuri husitiri sawasawa, na mhina uliopandwa kwa safu na kukatwa kwa wakati huwa ua, tena hupamba mikono ya binti zako. Ukinunua nguzo za mikoko, uliza kibali cha Huduma ya Misitu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, nayo ni mazalio ya samaki na kinga ya ufuo. Haifai sitara ya nyumba zetu ipatikane kwa kuuvua nguo ufuo wa wenzetu.

Kilango kiko pale pale, sasa kina fremu ya mbao. Wazee wa Lamu walijenga wikio, chumba kipitacho juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, wanawake wakatembeleana bila ya kushuka njiani. Walijua kwamba kujisitiri na mpita njia ni jambo moja, na kujitenga na jirani ni jambo jingine. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, amekataza mtu kumzuia jirani yake asichomeke boriti katika ukuta wake, nayo pia imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hivyo banda la kuku la Ma'mkubwa limeegemea ukuta wetu upande wa pili, na majogoo wake ndio wanaotuamsha.

Asumini imebaki kwake. Sikuing'oa. Baiskeli ya marehemu mwanawe imefutwa vumbi, na mjukuu mkubwa huipitisha kati ya ukuta na kisima akijifunza kupanda. Nikitaka maua ya kikuba hubisha kilangoni, nikaomba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, atulinde na mali ya yatima, na atujaalie kuwa majirani wema. Wabillahi tawfiq.